Shangazi wa Seti: Mwongozaji haji kazini, filamu inanifia mikononi

SWALI

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 29, naishi Tanga, na ninatengeneza filamu yangu ya kwanza ndefu. Pesa yote ni shilingi milioni 18. Milioni saba ni akiba yangu ya miaka mitano ya kuuza vitenge, sita nimekopa kikoba, tano kanitumia mjomba aliyeko Muscat. Tulipanga siku 16 za kushuti, sini 72. Kila siku ya seti inanila kama 630,000: Noah, kamera ya kukodi, petroli ya jenereta, chakula cha watu 22.

Leo tumemaliza siku ya saba na tuna sini 19 tu. Mwongozaji siku mbili hakutokea kabisa, simu kazima. Siku tatu alikuja saa tano wakati wito ni saa kumi na mbili asubuhi, na mojawapo alikuja ananuka pombe, akalala kwenye Noah hadi adhuhuri. Siku alizokosekana yeye, msaidizi wake na kameramani walituongoza hivyohivyo, na katika siku hizo mbili tulipiga sini 11.

Mkataba hatukuandikiana, ni rafiki yangu tangu chuo. Tulikubaliana 1,500,000, nimeshampa 900,000. Ile hadi diski yenye picha zote tulizopiga analala nayo yeye. Na mwigizaji mkuu wa kike ni mchumba wake, ndiye aliyemleta. Mama ananiambia nivumilie, kila kazi ina mashaka yake. Nimwondoe? Nani atakubali kuja katikati? Au niongoze mwenyewe?

Prodyuza wa Chumbageni

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, na nimepigia mstari sentensi moja tu: katika siku hizo mbili tulipiga sini 11. Umeipitia haraka kama mtu anayetaja hali ya hewa. Hebu rudi uisome. Sini 11 bila yeye, siku mbili. Sini 8 akiwepo, siku tano. Unaniuliza kama umbadilishe mwongozaji, kumbe ulishambadilisha, bado kumwambia tu. Na bado kumwambia yule msaidizi, ambaye nina hakika hadi sasa anajiona ameshika usukani kwa muda, mwenyewe akirudi ampishe.

Kabla sijaendelea nikusimulie la kwangu, maana hili mimi nimelifanya vibaya na sitaki ulifanye vibaya kwa namna ileile.

Tulikuwa Pangani, filamu ya pesa ya kuungaunga kama yako, nami ndiye msimamizi wa kazi. Tulikuwa na sini moja iliyobeba filamu nzima: mjane anatembea kwa miguu hadi kwenye mashua ya marehemu mumewe, imelala ubavu juu ya fungu la mchanga. Kwa wasioijua pwani yetu, siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hukauka mno asubuhi, saa nne hivi, na fungu likabaki wazi. Ikifika saa kumi jioni bahari imejaa pomoni. Kesho yake kupwa husogea mbele dakika 40 na ushei, na baada ya siku chache bamvua imekwisha, mpaka wiki mbili nyingine. Kwa hiyo siku za kushuti tulizipanga kwa kalenda ya mwezi, tukawaambia wote: saa tatu kila mtu awe mchangani.

Siku ya kwanza mwongozaji alifika saa nane. Maji yalikuwa kiunoni, mashua inaelea. Akasema tungoje. Tungoje nini? Nikaandika sifuri kwenye karatasi ya siku nikalipa watu chakula.

Siku ya pili akapiga simu: “Dada, pantoni imeharibika, niko Bweni nimekwama.” Nami nimesimama ng'ambo ya pili ya mto, upande wa mjini, simu sikioni, naitazama pantoni hiyohiyo inavuka na lori la nazi na akina mama na matenga yao ya samaki. Nilinyamaza. Sikujua hata la kumjibu. Nyuma yangu alikuwepo binti wa kontinyuiti, yule anayeandika kila shoti ili sini ziungane, amekalia ndoo aliyoifudikiza, daftari lake gumu mapajani. Akasema taratibu, kama anaomba chumvi: “Najua alichotaka.” Akafungua ukurasa. Humo aliandika kila neno mwongozaji alilolisema tangu wiki ya mazoezi: shoti ya kwanza unyayo unazama mchangani na maji yanajaa kwenye alama yake, ya pili mkono unagusa ubavu wa mashua kwenye ule ufa ulioanza kuachana, ya tatu kwa mbali, mtu na chombo tu, usiongeze kitu. Tulipiga yote kwa dakika 50. Shoti ya mwisho kameramani alikuwa na maji magotini.

Sasa ungedhani nimepata somo. Wapi. Usiku ule nikajiuliza, binti wa miaka 24 atawaongozaje watu wazima? Nikampigia mtu mwenye jina, Dar. Akaja na kofia yake, akaangalia picha zetu saa moja, akasema hii yote tunarudia. Akambadilishia mjane kanga, akahamisha nyumba. Siku nne zikateketea. Siku ya tano akaitwa kwenye kazi nyingine yenye pesa kuliko yangu, akaniaga vizuri sana, akaenda. Binti wa daftari ndiye aliyeimaliza filamu, na siku mbili za mwanzo ilibidi ashone matambara aliyoyaacha yule bwana. Nimelipa waongozaji watatu kwa filamu moja, na aliyepata kidogo kuliko wote ndiye aliyefanya kazi. Hilo linaniuma mpaka leo, wala si kwa sababu ya pesa.

Kwa hiyo “nani atakubali kuja katikati” ni swali ambalo kwako halipo. Usimlete mtu. Wa nje, hata awe hodari namna gani, atakuja na filamu yake kichwani, na filamu yako ina pesa ya moja tu.

Twende sasa kwenye mambo ya mkono, na kwa mpangilio huu, usiruke.

Hadi diski kwanza. Hata neno moja la kumwondoa lisikutoke kabla diski haijalala nyumbani kwako. Ninawajua watu walioomba “picha zao” kwa miezi saba, wakazipata baada ya kulipa mara ya pili, na wengine hawakuzipata. Nenda kwake na kijana wa kuhariri, mchana, mwambie unataka nakala kwa usalama. Usione unamdanganya, hiyo nakala ilitakiwa iwepo tangu siku ya kwanza. Memori kadi haifutwi mpaka picha ziko kwenye diski mbili, na diski mbili hizo hazilali nyumba moja. Ukishanakili, fungua faili chache mwanzo, kati na mwisho uone zinacheza, usihesabu majina ya faili ukaridhika. Halafu sauti. Watu husahau sauti! Ya fundi sauti iko kwenye rekoda yake, si ndani ya kamera, kwa hiyo pitia na kwake. Kisha skripti ya mwongozaji yenye maandishi ya pembeni, hata kama ni yale ya kalamu ya risasi yasiyosomeka. Piga picha kurasa zote kwa simu.

Siku hiyohiyo fanya zoezi dogo. Chukua ratiba yako, andika mbele ya kila siku aliyokosekana au kuchelewa ni sini gani zilikuwa zimepangwa. Nakuomba ulifanye hili kwa moyo mweupe. Mara nyingi nimeona mwongozaji wa filamu ya kwanza hachelewi ovyo; anachelewa siku za sini ngumu. Watu wengi ndani ya fremu, ugomvi, msiba, usiku. Anajificha kwa sababu hajui aanzie wapi, anaona aibu kusema mbele ya mchumba wake na rafiki yake, na chupa inakuwa ndiyo mshauri. Ukikuta hivyo, mtu wako anaogopa, na kuogopa si dhambi. Inawezekana pia anauguza mtu, au anaumwa mwenyewe. Uliza. Lakini mwanangu, hata ukikuta ni hofu au ugonjwa, jibu langu halibadiliki. Kinachobadilika ni sauti utakayotumia. Ungeniandikia siku ya pili ningekwambia mgawie kazi nusu na msaidizi, mpe siku ya kupumua. Siku ya saba, na milioni sita za kikoba ndani yake, huna tena pesa ya kumtibu mtu kwa kutumia seti.

Mama yako mwambie nimemsikia. Uvumilivu ni wake na ni mzuri, ila kikoba kina tarehe.

Sasa mazungumzo. Ana kwa ana, asubuhi, kabla hajanywa, si kwa WhatsApp, wala usimtume mtu. Awepo shahidi mmoja anayewaheshimu nyote wawili. Usilete orodha ya makosa. Anayajua kuliko wewe, na ukianza kuyasoma mtaishia kubishania saa tano au saa nne na nusu. Mwambie kazi imemzidi, umeamua msaidizi aimalizie, na unataka muachane mkiwa bado mnaweza kusalimiana. Akilia, mwache alie. Akiomba nafasi moja ya mwisho, ujue hapo ndipo wengi tunapoanguka, mimi wa kwanza. Sema hapana mara moja, kisha unyamaze.

Pesa uwe umeipigia hesabu kabla ya kukaa naye. 1,500,000 kwa siku 16 ni kama 93,750 kwa siku. Siku tano alizoonekana ni 468,750. Umeshampa 900,000, kwa hiyo kwa hesabu ya duka ana ziada yako ya 431,250. Achana nayo. Alikaa na skripti miezi kabla hujaanza kushuti, alitafuta nyumba na waigizaji, hiyo iite pesa ya maandalizi na usiidai kamwe. Mkianza kudaiana ndipo diski zinapopotea na maneno yanapoanza mtaani. Lakini na wewe usiongeze hata shilingi. Zile 600,000 zilizobaki zina mwenyewe mpya.

Mkataba hamkuandikiana, na wengi hufikiri basi hakuna mkataba. Upo. Kwa Sheria ya Mikataba ya Tanzania makubaliano ya mdomo nayo hufunga, taabu yake ni kuthibitisha tu. Meseji zenu za bei, siku na wito wa saa kumi na mbili zihifadhi zote, usifute hata zile za hasira. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 maandishi ya simu yanaweza kupokewa kama ushahidi. Sisemi uende mahakamani, Mungu apishe mbali, milioni 18 zitaliwa na nauli. Nasema yahifadhi ili usihitaji kwenda. Halafu mwandike karatasi moja, fupi, kwa Kiswahili ambacho mama yake anaweza kukisoma bila kumwita mwanasheria. Mimi huandika hivi:

“Ndugu (jina). Kuanzia leo, tarehe (…), umeacha kuwa mwongozaji wa filamu (…). Umelipwa shilingi 900,000, nazo ni malipo kamili ya maandalizi na kazi uliyofanya hadi leo. Hakuna anayemdai mwenzake. Picha, sauti na maandishi yote yaliyotokana na kazi hii ni mali ya mtayarishaji. Jina lako litaandikwa kwenye filamu hivi: (…).”

Sahihi yake, yako, ya shahidi. Ukiweza mpitie kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa apige muhuri. Najua utacheka. Lakini kwetu muhuri wa mtaa una uzito wake. Mtu aliyesaini mbele ya mwenyekiti wake hazunguki kesho kusema alidhulumiwa. Na kama jina lake liko kwenye fomu mlizopeleka Bodi ya Filamu kuomba kibali, wajulishe kwa maandishi kwamba mwongozaji amebadilika, usisubiri siku unapeleka filamu ikaguliwe ndipo majina yaanze kugongana.

Pale kwenye nafasi ya jina ndipo pagumu, na ndipo ninapokuomba usiwe bahili. Jina halina gharama. Unakumbuka filamu ya maisha ya Freddie Mercury, yule mwimbaji aliyezaliwa Unguja mwaka 1946? Mwongozaji wake, Bryan Singer, aliondolewa Desemba 2017, kazi ikiwa imebakiza wiki chache, baada ya mvutano juu ya kutoonekana kwake seti. Yeye akasema aliomba muda kwa sababu ya mzazi mgonjwa. Dexter Fletcher akaja kumalizia. Filamu ilipotoka 2018, kwenye skrini mwongozaji ni Singer peke yake, kwa kuwa kanuni za chama chao cha waongozaji Marekani zinatambua mwongozaji mmoja, na Fletcher akaandikwa prodyuza mtendaji. Mwaka 2019 ikachukua Oscar nne. Wao wana chama na kanuni, wewe una Chumbageni, kwa hiyo una uhuru zaidi: andika majina mawili. La msaidizi kwanza kama atapiga sini 53 zilizobaki na zile 11, la rafiki yako la pili. Mwambie hivyo palepale mezani. Mara nyingi hilo ndilo linalomfanya mtu ashike kalamu.

Sasa mchumba wake. Hapa mwanangu nimekaa muda mrefu kuliko kote. Zungumza naye siku hiyohiyo, saa hiyohiyo ukitoka kwa mwenzake, kabla hajaipata kwa simu. Peke yenu, na umwambie mambo mawili tu. Kwamba makubaliano yake na wewe hayahusiani na ya mchumba wake, na hii hapa karatasi yake na malipo yake, nusu leo. Na kwamba hutamuuliza habari za nyumbani, wala hutamtuma ujumbe. Ukianza “mwambie mwenzio arudishe ile chaja,” umemweka katikati, naye atachagua, na hatakuchagua wewe. Kisha hesabu sini zake zilizobaki. Zile ambazo filamu haiwezi kusimama bila uso wake zipange ziwe za mwanzo, ndani ya siku tatu. Zile za kutembea, kupanda daladala, kukaa dirishani usiku, ziweke nyuma. Akikukimbia, mgongo wa mtu mwingine aliyevaa dera lake utakuokoa. Siku ya kwanza chini ya mwongozaji mpya usimpe sini ya kulia. Mpe ya kuchambua mchele. Apate kuona kwamba seti haijambadilikia.

Kuongoza mwenyewe? Hapana, na si kwamba huwezi. Mwaka 1975 Clint Eastwood, mwigizaji mkuu, alichukua kiti cha mwongozaji Philip Kaufman kazi ya filamu waliyokuwa nayo ikiwa imeshaanza, na chama cha waongozaji wa Marekani kikaweka kanuni kwamba mwigizaji au prodyuza wa filamu asimwondoe mwongozaji kisha akakalia kiti chake mwenyewe. Kwetu hakuna kanuni hiyo, lakini mantiki yake ipo hata Tanga. Siku utakayosema “akshen”, watu 22 wataamini ulimwondoa rafiki yako ili upate kiti. Na hilo ni dogo. Kubwa ni hili: nani atampa mama lishe pesa ya mafuta ya kupikia saa tatu? Nani atabembelezana na mwenye nyumba anayetaka kuongeza kodi kwa sababu kaona taa? Wewe ukiingia nyuma ya kamera, nafasi inayobaki wazi ni ya prodyuza, na hiyo haina msaidizi.

Basi mwite yule msaidizi. Usishangae akikataa mara ya kwanza. Anamwona rafiki yako kama kaka, na ataogopa kuonekana aliyemchimba. Mwambie uamuzi ni wako na ulishafanyika kabla hajaitwa. Mpe zile 600,000, kwa maandishi, nusu sasa. Watangazie wote kwa pamoja asubuhi, dakika tatu, chai ikiwa mezani, bila kumsema aliyeondoka: kuanzia leo fulani ndiye mwongozaji, swali lolote la sini ni lake, swali lolote la pesa ni langu. Halafu, na hili utaliona gumu, funga mdomo wako kwenye seti. Ukimsahihisha mara moja mbele ya waigizaji, kila shoti itakayofuata watageuka kukutazama wewe.

Jambo dogo ambalo karibu kila mtu hulisahau: yeye akipanda, kazi yake ya zamani inabaki bila mtu. Nani atawaamsha waigizaji, nani atajua sini inayofuata iko nyumba gani? Tafuta kijana leo. Anaweza kuwa yule anayepiga klapa, ule ubao wa kuanzishia shoti.

Na umpe masharti mawili mwongozaji mpya. La kwanza, hakuna kurudia chochote kilichokwishapigwa, isipokuwa sini isiyounganika kabisa, na uamuzi huo mfanye wawili baada ya kijana wa kuhariri kuziunganisha zote 19 kwa fujofujo mkazitazama. Simamisha kazi siku moja kwa ajili ya hilo, moja tu. La pili ni skripti kupungua. Una sini 53 na siku tisa. Kwa mwendo wao wa sini 5 na nusu kwa siku watafika 49 au 50. Kwa hiyo kaeni usiku mmoja mtoe sini nne au tano, au muunganishe mbili ziwe moja. Najua mahali pa kuanzia hata bila kuisoma: filamu ya kwanza ya kila mtu ina sini ya watu wawili wanaoelezana sokoni jambo tuliloliona kwa macho yetu dakika mbili zilizopita.

Niandikie siku ya kumi na sita.

SWALI

Shangazi, za masiku. Mimi niko upande wa pili. Ni mwongozaji, Mwanza, niliondolewa zikiwa zimebaki siku nne, kwa ugomvi na prodyuza, si kwa utoro. Filamu sasa iko YouTube, wameihariri ninavyoona mimi vibaya, na jina langu limewekwa kubwa mwanzoni. Naona aibu. Naweza kulazimisha litolewe?

Mwongozaji asiyetaka sifa

JIBU

Njema, mdogo wangu. Wenzako wa Marekani walikuwa na dawa ya hilo. Mwaka 1969 ilitoka filamu ambayo mwongozaji wa kwanza, Robert Totten, aliondolewa na Don Siegel akamalizia, na wote wawili wakakataa jina. Chama chao kikabuni mtu asiyekuwepo, Alan Smithee, akawa ndiye mwongozaji, na kwa miaka 30 hivi kila filamu iliyokataliwa na mwongozaji wake iliweza kutupiwa yeye.

Wewe huna Smithee, na kulazimisha itategemea mlisaini nini. Kama kuna karatasi inayosema jina lako litakaa vipi, ifuate. Kama hakuna, andika barua ya heshima, usitaje ugomvi, omba jina lako liondolewe au uwekewe jina la bandia utakalolichagua. Maelezo yaliyo chini ya video yanabadilishwa kwa dakika mbili. Jina lililo ndani ya picha lenyewe linataka ihaririwe na kupandishwa upya, na hapo prodyuza atapoteza watazamaji wote waliohesabiwa, kwa hiyo tegemea akatae hilo. Dai nakala zijazo, kama watauza kwa televisheni.

Ila kabla ya barua, itazame yote tena na mtu asiyejua ugomvi wenu. Usimwangalie skrini, mwangalie yeye. Umeniambia “wameihariri ninavyoona mimi vibaya.” Hukuniambia watu walioitazama wanasemaje.